Aliyeshika Simu

Sitaweka kiungo cha klipu hapa. Kama uliiona Novemba 2014 unaikumbuka, na kama hukuiona hujapoteza kitu. Mwanamke alivuliwa nguo na wanaume mchana kweupe karibu na steji ya Embassava, katikati ya Nairobi, kosa lake likiwa sketi. Mimi ndio nilikuwa nimemaliza darasa la nane, niko tu nyumbani, na klipu ikanifikia kwa simu ya binamu yangu kabla hata ya taarifa ya saa moja.

Kuhusu sketi ile wameandika wengi. Mimi nataka kuisoma klipu yenyewe, jinsi tulivyofunzwa kusoma riwaya. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia za kujivunia sina, ila maswali ya mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu bado ninayo. Nani anasimulia? Amesimama wapi? Anamsimulia nani? Nani kwenye hadithi hana sauti?

Jaribu kuyauliza maswali hayo mbele ya klipu ya aina hii (na mwezi ule hazikuwa moja). Msimulizi hatumwoni. Hana jina, hana uso, tunachojua ni kwamba ana mkono na simu. Lakini ndiye anayeamua kila kitu. Macho yetu yanasimama pale aliposimama yeye, ndani ya duara, upande wa wanaovua. Ukitaka kuitazama klipu ukiwa upande wa mwanamke, hakuna nafasi. Haikurekodiwa kutoka hapo. Hata wewe uliyeifungua kwa hasira, uliyesema woi, uliyeifowadi kwa grupu ya familia na maneno ya kulaani, ulikuwa umekopeshwa macho ya jamaa aliyekuwa amesimama tu akirekodi. Waliovua walikuwa wachache. Waliozingira walikuwa wengi kidogo. Waliotazama baadaye hawahesabiki, na wote waliingia kwa mlango ule ule.

Ndiyo maana mimi huchoka mjadala ukianza na urefu wa nguo. Tangu mwezi ule mama alianza kuniwekea leso kwa mkoba kila nilipotumwa tao. Hakuna aliyeniambia ni ya nini na sikuuliza. Wasichana wengi wa umri wangu wanaijua leso hiyo.

Tarehe 17 Novemba, siku ya Jumatatu, wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park. Wito ulitoka kwa kundi la Facebook la Kilimani Mums na kauli ikawa #MyDressMyChoice. Mtandaoni ikajibiwa fasta na #NudityIsNotMyChoice. Nayaheshimu maandamano yale sana, na bado nadhani ile kauli, kama maandishi, ilikuwa na shida. Ilitaja nguo. Ukishataja nguo umempa mpinzani rula. Wiki nzima redio ilijaa wanaume wanaopima: goti, juu ya goti, chini ya goti, je akiwa kanisani, je akiwa binti yako. Walijibiwa juu ya nguo kwa sababu walialikwa kuzungumza juu ya nguo.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo yangetusaidia, na hatukuyatumia. Kuna hiari na kuna ridhaa. Hiari ni yangu na nafsi yangu: nimeamua kuvaa hivi, nimeamua kwenda kule. Ridhaa haikamiliki na mtu mmoja. Lazima awepo anayeuliza na anayejibu, na jibu liwe limetoka kwa mtu ambaye angeweza kusema la. Ridhaa pia si kukubali. Kukubali unaweza kukubali ukiwa umeshikwa shati. Si tunasema kubali yaishe? Kilichokosekana Embassava ni ridhaa. Sketi ingekuwa fupi, ndefu, buibui au ovaroli ya fundi, swali lingebaki moja: nani alimuuliza kama anataka kuguswa?

Shida ni kwamba kwa kizazi changu Ridhaa ni jina la mtu. Ni yule daktari wa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei, aliyepoteza familia yake kwenye moto wa baada ya uchaguzi. Tuliandika insha ngapi juu yake! Na nikiirudia riwaya hiyo sasa, bila hofu ya mtihani, naona kwamba ina mambo mengi kuhusu miili ya wasichana kuliko tulivyoambiwa darasani. Kule tulikuwa tunaorodhesha: ubakaji, ukeketaji, ndoa za mapema, alama mbili mbili, songa mbele.

Chukua Lime na Mwanaheri. Wanabakwa na genge la vijana mbele ya baba yao, Kaizari, na sisi wasomaji tunaupata unyama huo kupitia uchungu wa Kaizari. Nakubali uchungu huo ni wa kweli, na Matei anauandika vizuri. Lakini kwa kurasa hizo mabinti ni kidonda cha baba. Mwanaheri anapata zamu yake mbele kidogo, shuleni Tangamano, wasichana wanapokaa pamoja na kila mmoja anasimulia yaliyompata. Hizo ndizo kurasa ninazozipenda zaidi katika kitabu kizima, ingawa hata hapo anachozungumzia zaidi ni habari za mama yake. Nusu ya mlango umefunguliwa.

Halafu kuna Tuama, mhusika ambaye darasa letu lilimcheka. Amekeketwa, nusura afe, na akiwa bado mgonjwa anaitetea tohara iliyomlaza kitandani. Kicheko chetu kilikuwa cha kijinga. Tuama ndiye mtihani mgumu kuliko wote kwa mtu kama mimi anayependa kusema mwili ni wangu. Anasema mimi, anasema nilitaka. Nafsi ya kwanza umoja, kabisa. Ila ukisikiliza, sauti iliyo mdomoni mwake ni ya kijiji. Nje ya kitabu suala hilo lilifika Mahakama Kuu: Daktari Tatu Kamau alitaka mwanamke mtu mzima aruhusiwe kuchagua kukeketwa, na Machi 2021 majaji watatu wakamkatalia. Sheria ya 2011 yenyewe inasema ridhaa ya aliyekatwa si utetezi. Naunga mkono sheria hiyo. Naiunga nikijua kwamba inanilazimisha kusema jambo nisilolipenda, kwamba kuna nyakati mtu husema ndiyo na bado ukawa na haki ya kuuliza ni nani aliyesema.

Turudi mjini.

Ukitaka kuona jinsi nchi hii isivyojua tofauti ya kutaka na kulazimishwa, weka kazi mbili kando kwa kando. Ya kwanza ni Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku, wiki chache kabla haijaonyeshwa Cannes. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany akaifungulia kwa siku saba, watu wakajaza ukumbi, siku zikaisha, ikafungwa tena. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ikaipa bodi haki. Ya pili ni Tarimbo, wimbo wa kundi la Ethic kutoka Umoja, wale wa Lamba Lolo. Ulitoka Novemba 2019, na wengi tuliousikia tulisikia ubakaji ukifanywa kichekesho cha kudansia. Kelele zikapigwa, bodi ile ile ikataka uondolewe, ukatoka YouTube na Ethic wakaomba msamaha.

Sasa angalia. Katika Rafiki wasichana wawili, Kena na Ziki, wanapendana. Hakuna anayemlazimisha mwenzake hata dakika moja. Wanaulizana kwa macho, wanasita, wanacheka, wanasogea. Tarimbo, hata jina lenyewe ni chuma kile cha mafundi wa mjengo cha kuvunjia mawe. Chuma hakimuulizi jiwe. Lakini ukifuatilia namna bodi ilivyozungumzia kazi hizi mbili, kosa ni moja: maadili. Zote zimevuka mstari, na mstari huo umechorwa na watu wasiokuwemo chumbani. Neno maadili, jinsi tunavyolitumia ofisini na kanisani, halina mahali pa kuuliza kama aliyeguswa alitaka. Linauliza kama majirani wameudhika.

Kwa hivyo Tarimbo ilipoondolewa sikusherehekea sana. Wimbo ulikuwa mbaya, na mbaya hata kwa kigezo cha gengetone, muziki ambao naupenda na nitautetea siku yoyote kwa sababu unajua kucheza na Kisheng kuliko mshairi yeyote wa gazeti. Ila uliondolewa kwa sababu za watu wengine. Wale walioumizwa nao walikuwa wasichana waliosikia kicheko kile kwenye mathree, spika ikiwa chini ya kiti, na hakuna tangazo rasmi nililolisoma lililoanza na wao.

Rafiki niliitazama baadaye, na usiniulize wapi. Si filamu kamilifu. Siasa za akina baba, wagombea wawili wanaowania kiti kimoja, ni kama zimebandikwa ili wasichana wapate vizuizi. Rangi ni nyingi, wakati mwingine nilihisi naangalia tangazo la soda. Lakini kuna ile sehemu ya umati. Kena na Ziki wamejificha ndani ya gari bovu lililotupwa, mahali pao pa pekee pasipo na macho, na majirani wakiongozwa na umbea wa kiosk cha Mama Atim wanawafikia, wanawatoa nje, wanawapiga. Ni tukio la Embassava, wasee. Duara lile lile, sauti zile zile za watu wanaodhani wanasafisha mtaa. Tofauti ni kwamba kwa zaidi ya nusu saa kabla ya hapo tumekaa ndani ya gari. Tunajua Kena anataka kusomea nini. Tunajua Ziki anachukia kuwa kama mama yake. Umati unapokuja, unakuja kwetu. Kahiu hakuhitaji kutuhubiria chochote. Alichagua tu mahali pa kusimama.

Kahiu amewahi kusema kwamba bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe kwa sababu haukuonyesha majuto ya kutosha. Fikiria hilo. Wasichana wamepigwa na mtaa mzima na anayetakiwa kujuta ni Kena.

Nilisema kauli ya 2014 ilitoka Uhuru Park. Watu wa rika langu wengi hawajui kilichotokea kona ile ya bustani mwaka wa 1992, na mimi pia nilikijua nikiwa nimeshaacha chuo, ndio nilipata muda wa kusoma. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale wakidai watoto wao, Wangari Maathai akiwa nao. Machi 3 polisi walipokuja na virungu, Maathai akapigwa hadi akazirai, baadhi ya akina mama wakavua nguo zao wenyewe. Inasimuliwa kwamba kuna askari waliogeuza nyuso. Mwili wa mama mzee ukiwa uchi mbele ya kijana ni laana, na hao mama walijua wanachofanya. Mahali pale tukapaita Freedom Corner.

Mimi naona 1992 na 2014 ni maandishi mawili ya kusomwa pamoja. Miili ya wanawake, mji mmoja, uchi mbele ya umati. Mara ya kwanza mwenye mwili ndiye msimulizi, na ndiyo maana aliyeaibika ni askari. Watu wanaosema uchi wa mwanamke ni aibu kwa taifa wangekaa na picha hiyo kidogo. Aibu hufuata yule ambaye hakuamua.

Kuna mwingine aliyelijua hilo. Desemba 2014 bunge lilijadili mswada wa usalama, ule uliozua vurugu hadi wabunge wakamwagiana maji. Ndani ya mswada huo kulikuwa na kifungu kipya: kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la jinai. Na siku hiyo hiyo, humo humo, mbunge Millie Odhiambo alilalamika kwamba wabunge wenzake wa kiume walimshambulia na kumrarulia nguo. Manze. Lakini Millie hakusubiri asimuliwe. Aliieleza hadithi yake mwenyewe, kwa sauti yake, akitaja hadi nguo ya ndani, bila kunong'ona. Waliomsikiliza ndio waliokuwa wakitafuta pa kuangalia.

Lakini kuna hoja dhidi yangu na sitaki kuiruka. Kuna klipu nyingine ya mwaka ule, ya ndani ya basi la Githurai, ambapo dereva, kondakta na mwenzao walimvua abiria nguo na kumwibia. Bila klipu ile kusambaa sidhani polisi wangeamka. Watatu hao walipatikana na hatia Julai 2017. Hukumu ilikuwa kifo, na kifo hicho, angalia sana, kilitolewa kwa kosa la wizi wa kimabavu. Kwa vitabu vya sheria yetu, simu na pesa zilizochukuliwa zilikuwa nzito kuliko kilichofanyiwa mwili. Nisingependa mtu yeyote anyongwe, si kwa simu, si kwa sketi, na hilo ni la makala nyingine. Hapa nasema tu kwamba klipu hiyo ilikuwa tusi na ikawa ushahidi. Machi 2022 ikawa tena hivyo: wanabodaboda walimzingira mwanamke ndani ya gari lake pale Forest Road, barabara ambayo siku hizi ina jina la Wangari Maathai, na ni video iliyowafanya wakubwa watoe amri za msako. Msako ukasimamishwa baada ya siku chache. Video haikusimama.

Je, basi turekodi au tusirekodi? Nadhani tunachanganya vitendo viwili kwa sababu vinatumia kidude kimoja. Kurekodi ili upeleke mahali ni kazi ya shahidi. Shahidi ana jina, atasimama kortini, ataulizwa alikuwa wapi. Kurekodi ili utume kwa grupu ni kazi ya yule msimulizi wetu asiye na uso. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inampa anayesambaza picha za faragha za mtu hadi miaka miwili au faini ya hadi Sh200,000, lakini inahitaji apatikane, na yeye kazi yake yote imejengwa juu ya kutopatikana.

Kinachonichekesha ni kwamba kwa picha za kawaida, zile za watu waliovaa vizuri wakitabasamu, sheria yetu imekuwa kali ajabu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ridhaa lazima iwe wazi, anayetumia picha ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba aliipata, na mwenye picha anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila kumuuliza. Shule moja ikapigwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Soma kifungu hicho cha ridhaa polepole halafu ukifikirie kikiwa kimebandikwa ukutani kwa steji. Wakati wowote. Mzigo ni wa anayetumia.

Nimekifahamu kwa njia yangu. Chuo nilichoacha kinatumia picha yangu kwenye brosha ya wanafunzi wapya. Niko maktaba, nacheka, nimeshika kitabu ambacho nakumbuka hakikuwa changu. Sikuulizwa siku ile, na niliondoka kwa sababu ya karo, kwa hivyo unaweza kuelewa kwa nini kicheko hicho kinaniudhi. Mwaka huu niliwaandikia barua pepe waitoe. Walinijibu baada ya wiki mbili, kwa heshima sana. Wamesema ombi langu linashughulikiwa, lakini ili waendelee wanahitaji nambari yangu ya usajili, na nikiiweka kwenye fomu yao mtandao unaniambia mwanafunzi huyu hayupo.